Samaki Mwenye Jino

Sindano ilikatika saa nane mchana, na Mama Pacha alijua kabla hata hajaondoa mguu kwenye pedali. Mlio ulibadilika. Ile ta-ta-ta-ta ya siku zote ilikatishwa na sauti moja kavu, kama njiti ya kiberiti iliyovunjwa kati, kisha uzi ukalegea na kujikunja juu ya kikeka.

Kipande cha juu kilikuwa bado kimebanwa kwenye mashine. Kipande cha kati kilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Ncha haikuonekana.

Alipapasa sketi yake. Akakigeuza kikeka, akakitikisa, akainama chini ya meza. Sakafu ilikuwa imejaa vipande vya uzi na mabaki ya majani, na macho yakaanza kumcheza kwa kutafuta kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Kazi yenyewe ilikuwa vikeka tisini na sita vya mezani, vya kuwekea sahani, vilivyosukwa kwa majani makavu. Vikeka vya namna hiyo vina tabu yake. Huwezi kuvibana kwenye fremu kama kitambaa, maana vinapondeka. Unavibandika juu ya karatasi yenye gundi, unavipangusa kwa kitambaa chenye unyevu ili majani yasipasuke, halafu unashona mdogo mdogo. Ukikimbia, sindano inagonga fundo la msuko na kukatika. Na safari hii mteja alitaka maumbo yaliyoinuka, kila moja limewekewa sponji chini ya uzi, mpaka ukilipapasa unalihisi zima. Washonaji walikuwa wanne na maumbo manane, vikeka kumi na viwili kwa kila umbo. Mama Pacha alipewa nyota na jani. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa mashine ya jirani na ndiye aliyemwingiza kazini miaka miwili nyuma, alipewa ufunguo na samaki. Kando ya kila umbo walishona vitone, kuanzia kimoja hadi kumi na viwili. Hakuna aliyeuliza vya nini. Mteja akitaka samaki mwenye vitone saba, unamshonea samaki mwenye vitone saba.

Karakana ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Sindano ikivunjika, vipande vyote vinabandikwa kwa selotepu kwenye daftari la Bibi Mkasi, ndipo unapewa sindano mpya. Kipande kikikosekana, mashine zote zinazimwa, na hakuna mzigo unaotoka mlangoni mpaka kipatikane. Bibi Mkasi, mwenye karakana, alikuwa mwanamke mfupi aliyening'iniza mkasi shingoni kwa utepe mweusi. Washonaji walitaniana kwamba akienda kuoga huuacha mlangoni ukilinda. Lakini hawakucheka siku alipomwondoa mwenzao kwa kuvunja sindano tatu ndani ya wiki moja. "Haraka zako zitamwumiza mtu," ndiyo maneno pekee aliyomwambia.

Mama Pacha alikuwa ameshavunja mbili wiki hiyo. Hii ilikuwa ya tatu.

"Wifi, imekatika?" aliuliza wifi yake kwa sauti ya chini, bila kugeuza kichwa.

"Ncha siioni."

"Umetazama chini?"

"Nimetazama kila mahali. Gari linakuja saa tisa. Wifi yangu, leo ndiyo mwisho wangu hapa."

Wifi yake akatupa jicho kwenye mlango wa ofisi. Akatoa mfukoni mwa aproni kikopo kidogo cha mafuta ya midomo, akakifungua, akachagua kitu kwa ncha ya kucha. Ilikuwa ncha ya sindano. Nyembamba kidogo, maana yeye alipenda sindano nyembamba zinazokwenda mbio, wakati Mama Pacha alitumia nene.

"Bandika hii. Hatatazama kwa darubini."

"Na ile yangu?"

"Iko sakafuni, itafagiwa. Au unataka gari likute tumekaa chini tunachambua majani kama mbuzi?"

Mama Pacha aliibandika. Bibi Mkasi alipitisha kidole juu ya selotepu, akahesabu vipande vitatu, akampa sindano mpya. "Ya tatu hii," alisema. "Ukimaliza kazi hii tutazungumza." Akaondoka. 

Saa tisa gari lilifika. Alikuwa amekumbatia rundo la vikeka akimpokeza dereva, ndipo alipomsikia Bibi Mkasi akisema, "Uvibebe kwa adabu, vinakwenda shule ya watoto wasioona. Kila mtoto atapapasa meza mpaka apate umbo lake na vitone vyake, ndipo ajue hapa ni kwangu. Kesho chai ya saa nne wanaanza kuvitumia."

Mikono ya Mama Pacha ilibaki hewani baada ya dereva kuchukua rundo. Mtu anayeona huweka sahani yake juu ya kikeka na kusahau. Hawa watakipapasa. Watapita juu ya kila uzi kwa ncha za vidole, taratibu, kila siku, kila mlo. Alifungua kinywa. Mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo, na kinywa chake kikajifunga nao.

Jioni ile alikaa mlangoni akiwatazama pacha wake wakichezea vizibo vya chupa. Walikuwa na miaka minne. Kila walipookota kizibo aliona vidole vyao tu, laini, vinene kwenye maungio, vikishika kila kitu bila kuuliza. Chakula kilimshinda. Mumewe, fundi redio, alikuwa mezani na redio iliyofunguliwa tumbo. Akaweka chini bisibisi.

"Una nini? Umewaangalia hao watoto kama wanasafiri."

Alimweleza kuhusu ncha, vikeka na shule. Habari ya kikopo aliiruka. Angeitaja, angekuwa anamsema dada wa mumewe.

"Nenda ukaseme," mumewe alimwambia.

"Nikisema, kazi imekwisha."

"Na usiposema?"

Akawageukia tena pacha. Mumewe aliinuka, akatoa spika moja mbovu kwenye sanduku la mabaki, akaikung'uta mpaka sumaku ikatoka, nyeusi, nzito, ya duara. Akamwekea kiganjani. "Kama imo, hii itaivuta. Lakini uwahi."

Asubuhi hakuelekea karakana. Alienda shuleni kwa miguu, sumaku na kibano cha kutolea nyuzi vimefungwa kwenye leso, jua likiwa bado changa.

"Shikamoo baba," alimwamkia askari wa getini.

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Mimi ni mshonaji wa vile vikeka vya jana. Nimekuja kukagua nyuzi."

Askari alimpima kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akafungua geti.

Bwalo lilikuwa kubwa na jeupe, lina meza nane ndefu. Vikeka vilikuwa vimeshapangwa, meza ya nyota, meza ya jani, meza ya ufunguo, hadi ya samaki kule mwisho kwenye mlango wa jikoni. Mlezi wa watoto, mwanamke mrefu mwenye viatu vya raba, alikuwa anapanga vikombe.

"Kukagua tena?" alisema. "Vizuri, lakini kengele ikipigwa saa nne unipishe. Hawa watoto wangu wakitaka chai hawana simile."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini na tano.

Mama Pacha alianza na meza ya jani. Alipitisha sumaku juu ya kila umbo, akageuza kikeka, akapitisha tena upande wa chini. Vikeka kumi na viwili, hakuna kitu. Akaenda kwenye nyota. Hakuna. Akasimama akifikiri. Jana wakati sindano inakatika, rundo la vikeka vya ufunguo lilikuwa karibu na kiwiko chake. Ncha ingeweza kurukia huko. Akahamia meza ya ufunguo, mgongo ukimuuma, na kwenye kikeka cha tisa sumaku ikavutwa kidogo mkononi mwake. Tik!

 Alitenganisha nyuzi kwa kucha, akaingiza kibano, akaivuta. Ndiyo hiyo, inang'aa. Akakaa kwenye benchi fupi la watoto akicheka peke yake kama mwehu. Mlezi alimtazama kutoka mbali, akatikisa kichwa, akaingia jikoni.

Kisha aliisogeza ncha ile karibu na macho, na kicheko kikamkauka.

Ilikuwa nyembamba.

Yake ilikuwa nene. Hii ilikuwa ya sindano ya wifi yake, na ilikuwa ndani ya ufunguo ulioshonwa na wifi yake. Akakikumbuka kile kikopo. Jana hakuwaza kitu. Sasa aliwaza. Mtu hatembei na ncha za sindano mfukoni kwa ajili ya mwenzake. Anazibeba kwa sababu amezihitaji kabla, na anajua atazihitaji tena. Basi yeye amevunja ngapi? Amebandika ngapi za uongo? Na zile za kweli ziko wapi?

Akatupa macho kwenye meza ya samaki. Akatazama saa. Dakika saba zilikuwa zimebaki. Akainuka, na hapo hapo kengele ikalia.

Saa ya ukutani ilikuwa inachelewa.

Milango miwili ilifunguka na watoto wakaingia kwa mistari, kila mmoja mkono begani kwa mwenzake, wanacheka, wanasukumana, wanaitana. Vidole vilikuwa vimeshatangulia mbele, vikiteleza ukingoni mwa meza. "Mimi jani! Jani liko wapi?" "Nyota hii hapa, nimeipata!" Mama Pacha alijaribu kupiga kelele, sauti ikagoma. Ncha moja alikuwa nayo kwenye leso. Angeweza kutoka kwa mlango wa nyuma, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Wazo hilo lilimpita kama upepo wa baridi shingoni, na aliogopa zaidi kwa jinsi lilivyokuwa tamu.

"Simameni!" alipaza sauti. "Simameni wote! Msiguse meza!"

Bwalo likanyamaza ghafla. Nyuso zote zilimgeukia, si kwa macho, kwa masikio.

"Wewe mama, una wazimu?" Mlezi alikuja mbio.

"Kuna ncha za sindano kwenye vikeka. Zilikatikia ndani. Tulificha. Mimi nilificha. Tafadhali dada, wasiguse."

Mlezi alimkazia macho. Halafu akapiga makofi mawili. "Mikono kichwani! Wote! Anayegusa meza leo hana chai!"

Mikono ilipanda. Mstari mzima ukasimama umeshika vichwa, wengine wakicheka wakidhani ni mchezo mpya.

"Na wewe wa vijiko," mlezi aliita kule mwisho. "Mikono kichwani."

Kwenye meza ya samaki alikaa msichana mdogo, wa miaka saba hivi, aliyeingia kwa mlango wa jikoni na kikapu cha vijiko kengele ilipolia, kabla wenzake hawajafika mezani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kichwani. Wa kulia ulikuwa juu ya kikeka.

"Siwezi, Mama Mlezi," alisema. "Samaki wangu ana jino. Limenishika."

Mama Pacha hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Alikumbuka tu kwamba alijigonga muundi kwenye benchi na hakusikia maumivu. Alipiga magoti kando ya mtoto. Kidole cha shahada kilikuwa tumboni mwa samaki, kimetulia tuli, na kwenye ngozi yake palionekana kitu cheusi chembamba kimeingia.

"Usivute, mwanangu. Usitingishike hata kidogo."

"Sitingishiki. Wewe nani?"

"Ni… ni mimi niliyeshona."

"Kwa nini umemwekea jino?"

 Alishika kifundo cha mkono wa mtoto, akauegemeza mkono wake mwenyewe mezani. Kwa kidole gumba aliibonyeza sponji pande zote mbili za ncha, taratibu, mpaka samaki akabonyea chini na ngozi ikaachia. Tone la damu likatoka, dogo, la mviringo kama ushanga.

"Hiki ndicho kidole changu cha kusomea," mtoto alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipovunjika. "Kikiharibika nitasoma na nini?"

Mlezi alimnyakua, akaenda naye kwenye bomba. Mama Pacha alibaki na kibano, akiitafuta ncha ndani ya samaki, akihofia kwamba huenda imekatikia kidoleni. Alipoivuta nje aliigeuza mwangani mara tatu. Nzima. Nyembamba, kama ile ya kwanza.

Watoto walikunywa chai juu ya meza tupu, wakilalamika. Bibi Mkasi, aliyeitwa kwa simu, alifika ndani ya saa moja, daftari kwapani, na washonaji watatu nyuma yake. Hakupiga kelele. Alivitandaza vikeka vyote tisini na sita kwenye nyasi za uwanjani, akavipitia kimoja kimoja kwa ile sumaku ya spika, akiwa amepiga magoti juani mpaka kivuli cha jengo kilipomfikia. Hakupata ncha nyingine.

"Hizi mbili nyembamba," alisema akinyoosha mgongo. "Na yako nene iko wapi, Mama Pacha?"

"Sijui, bibi. Haijaonekana."

Bibi Mkasi alifungua daftari, akabandua selotepu ya jana kwa ukucha, akaitazama ile ncha ya uongo. "Umenipa uongo nikauchunga mwenyewe kwa mkono wangu," alisema polepole. "Hii uliitoa wapi?"

Wifi yake alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale, ameinamia viatu vyake.  Mume, mama mkwe, pacha, meza wanayokula pamoja kila Jumapili, vyote vilimpita Mama Pacha kichwani.

"Niliibandika mimi," alisema.

"Sijauliza nani aliibandika."

 Bibi Mkasi akageukia vikeka viwili vilivyotengwa, cha ufunguo na cha samaki. Kila mtu pale alijua nani alishona nini. Wifi yake alifungua aproni, akaikunja mara nne kwa uangalifu kama anayeiweka kabatini, akailaza kwenye nyasi, akatembea kuelekea getini bila kuaga hata mtu mmoja.

Kesho yake fundi wa mashine alifungua mashine ya Mama Pacha. Ncha nene ilikuwa ndani, pale uzi wa chini unapokaa, imezama kwenye vumbi na mafuta. Haikuwahi kutoka karakana. Bibi Mkasi alimwonyesha, akamwambia akae nyumbani mwezi mzima, kisha arudi. "Unarudi kwa sababu ulisema," alimwambia. "Mwezi ni wa kuficha."

Mwezi ule haukuwa wa mapumziko. Siku ya tatu alikwenda shuleni akakuta kidole kimevimba, chekundu hadi kwenye kiungo cha pili, na akarudi nyumbani akiwaza mtoto akikatwa kidole kwa ajili yake. Alipofumba macho alimsikia akiuliza atasoma na nini. Siku ya sita uvimbe ulianza kushuka. Siku ya kumi na moja alisimama dirishani mwa darasa akamwona msichana yule ameinamisha kichwa, kidole kikipita juu ya vitone vya kitabu, kinasita, kinarudi, kinaendelea. Alishika nondo za dirisha mpaka mlezi alipokuja kumwuliza kama anaumwa.

Nyumbani kwa mama mkwe mambo yalikuwa mazito. "Umemwuza mwanangu," mama mkwe alimwambia mbele ya watu, na mumewe alibaki katikati kama mtu aliyeshika ncha mbili za kamba. Wifi yake hakukanyaga kwao kwa wiki nne.

Alikuja Jumapili moja mchana, bila hodi ndefu. Mume alizima redio aliyokuwa anaijaribu, akawachukua pacha, akatoka nao nje. Wifi yake aliketi kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani, kama aliyekuja kuomba kazi.

"Yule mtoto," alisema mwishowe. "Kidole chake?"

"Kimepona. Anasoma."

"Alilia?"

"Sikumsikia akilia. Aliuliza tu kwa nini samaki ana jino."

Wifi yake alijaribu kucheka, uso ukamkataa. "Nilivunja nne katika kazi ile nzima, wifi. Mbili nilizipata. Mbili sikuzipata, nikabandika za kikoponi. Kila jioni nilikuwa nasema kesho nitasema. Wewe ulipoinama chini ya meza kutafuta yako, nilitetemeka kuliko wewe. Niliogopa utaziona zangu."

Mama Pacha alimtazama. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga kwa wiki nne, makali, yaliyonyooka. Aliyatafuta akaona bado yapo, yote, na kwamba siku moja atayasema. Akaenda jikoni kuteleka maji ya chai.

"Jumatatu narudi kazini," alisema kutoka huko.

"Huogopi?"

"Naogopa sana," alijibu. "Mpaka mikono inakufa ganzi."